Kiti cha Katekista Maliro

Siku nne kabla parokia haijamheshimu Katekista Maliro kwa utumishi wake, Ornella alikuja kupima madirisha ya nyumba yake.

Hakuja kwa ubaya, maskini. Alikuwa ameolewa miezi mitano tu, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kitenge. Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akasalimu akipiga goti kidogo jinsi alivyolelewa, kisha akatoa mkobani utepe wa fundi cherehani. Kyakimwa, mke wa Maliro, alikuwa ameketi chini akichagua maharagwe. Alidhani binti amekuja kuomba chumvi.

"Mama, pardon, sitakawia," Ornella alisema. "Ni juu ya ma-rideaux. Fundi wa pale soko anaomba mesures mbele ya dimanche."

"Rideaux? Mapazia ya wapi?"

"Ya hapa." Ornella alitazama dirisha, kisha akatazama vidole vyake vya miguu. "Abbé wa parokia aliambia bwana yangu nyumba ya katekista itakuwa wazi kisha fête ya medali. Njo vile Ésaïe alinituma. Mama, munisamehe. Nilifikiri mulishajua."

Kyakimwa hakujua. Alijua kwamba Ésaïe, yule kijana aliyesomea Lubero, atamsaidia mumewe kufundisha wabatizwa. Alijua kwamba Jumapili mumewe atavishwa medali. Habari ya nyumba ndiyo aliyokuwa akiisikia sasa, na mkononi ana maharagwe yenye mchanga.

Mtu mwingine angemfukuza binti yule na utepe wake. Lakini Kyakimwa alikuwa amekaa miaka thelathini na minne katika nyumba ya kanisa, na nyumba ya kanisa humfundisha mtu kupokea kila anayebisha. Akajifuta mikono. Akashika ncha moja ya utepe, Ornella akashika ya pili, wakapima dirisha la sebule, kisha la chumba cha kulala.

"Hii ya chumba, ukate murefu," Kyakimwa akasema. "Baridi inapitaka pale chini."

"Merci, mama," Ornella akajibu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hata hivyo aliandika vipimo vyote.

*

Barua ya parokia ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Wiki tatu zilizopita Maliro aliisoma kwa sauti uani, majirani wamejaa hadi kwenye shina la parachichi: jinsi alivyotumikia bila kuchoka, jinsi alivyozika maskini wasio na watu, jinsi alivyofundisha watoto ambao leo ni mapadri na wauguzi. Alipofika chini ya ukurasa alikunja barua akasema, "Na salamu zingine." Wanawake walipiga vigelegele. Jirani mmoja alileta jogoo.

Kyakimwa alisoma shule miaka miwili tu. Alisimama mlangoni penye mwanga akafuata maandishi kwa kidole, taratibu, hadi ukurasa wa pili. Zile salamu zingine zilikuwa hizi: kwa kuwa mtumishi huyu sasa anaingia katika mapumziko yake anayostahili, nyumba ya kanisa itampokea katekista mpya mwisho wa mwezi.

Maliro aliporudi saa tisa kutoka kwa wagonjwa, aliikuta barua mezani, imefunguliwa.

"Ulijua," mkewe akasema.

"Nilijua."

"Wiki tatu, Papa Falonne. Batu banakuja kunipongeza, nacheka meno yote inje, na wewe unajua!"

Maliro alivua kofia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, lakini siku hiyo sauti haikuwapo. "Nilitaka upate wiki tatu ya furaha," akasema. "Njo ile tu nilikuwa nayo ya kukupa."

Kyakimwa alitaka kukasirika zaidi, akashindwa, na kushindwa kule kukamkasirisha.

"Sasa tutaenda wapi?"

Swali hilo halikuwa na majibu mengi. Shamba la Maliro na nyumba ya marehemu baba yake vilikuwa upande wa Kanyabayonga, na tangu vita ilipopita huko mwaka juzi hakuna aliyerudi akasema alichokikuta. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Beni, ndiko binti yao Falonne alikokuwa ameolewa. Alitoka huko na watoto wawili na sufuria moja. Mumewe alikuwa amekwenda kuvuna kakao, wakamngoja siku mbili, kisha wakakimbia bila yeye. Huo ni mwaka sasa. Kusini vita, kaskazini vita, na Butembo katikati imejaa watu hadi kwenye veranda. Falonne na wanawe walilala sebuleni, palepale ambapo Ornella alitaka kutundika mapazia.

"Mufikirie kwanza," Falonne alisema kutoka jikoni, maana kuta za nyumba ile hazikuficha kitu. "Miaka yote ile, na banakuambia tu upumuzike. Banapumuzishaka mutu inje?"

"Falonne, nyamaza. Nyumba ni ya kanisa," baba yake akasema. "Haikukuwa yangu hata siku moja."

Na hapo ndipo palipouma. Kama angekuwa ameonewa, angelia. Lakini mtu anayeshukuriwa analilia nani?

*

Asubuhi Kyakimwa alishuka hadi katikati ya mji, kwa Zorobabel. Huyu alikuwa rais wa baraza la parokia, muuza misumari na mabati, mnene, mwepesi wa kucheka. Alimkalisha Kyakimwa juu ya mfuko wa simenti akamsikiliza mpaka mwisho bila kujibu simu, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona.

"Mama Katekista, hiyo ni kitu kidogo," alisema. "Kuko ka fasi kadogo ka kujenga nyuma ya kanisa, karibu ya mayi. Na conseil iko na manjanja makumi mbili, ile mabati ilibakia kisha kufunika sacristie. Miti, bakristo batakata. Salongo, kazi ya bote pamoja, siku tatu tu, nyumba iko."

Kyakimwa alimshukuru kwa Kinande. "Wasingya, Papa Zorobabel. Wasingya."

"Mais, kuko neno moja. Unajua sheria yetu."

Aliijua. Miaka sita nyuma jamaa mmoja wa baraza alipewa matofali ya kanisa kwa siri, watu wakanung'unika hadi sadaka ikapungua. Aliyesimama akaponya ugomvi alikuwa Maliro mwenyewe. Alisema kwamba tangu siku hiyo, mwenye haja ataisema kwa kinywa chake mbele ya wakristo wote baada ya misa, na wakristo watajibu kwa makofi. Hakuna mambo ya kunong'onezana ofisini. Wote walisema ni neno la hekima.

"Dimanche atapewa micro ya kushukuru mbele ya batu," Zorobabel akasema. "Aseme tu: ninaomba fasi. Neno moja. Mie nasimama palepale na karatasi ya conseil. Bila vile siwezi, mama. Batasema Zorobabel anagawanya bintu ya kanisa kwa barafiki."

"Atasema," Kyakimwa aliahidi.

Kwa siku zilizobaki akamfundisha mumewe. Mtu aliyekaririsha katekisimu nusu ya mtaa wa Kimemi, sasa yeye alikaririshwa jikoni.

"Sema."

"Bandugu, ninashukuru kwa medali..."

"Enda mbele."

"... na sasa, kama inawezekana, mimi na jamaa yangu..." Hapo alikwama. Kila mara alikwama palepale, kama punda kwenye daraja.

"Ninaomba," Kyakimwa akamsaidia.

"Ninaomba," Maliro akarudia, akitazama majivu. "Mama Falonne, nilikuwa kila dimanche nasimama pale naombea bengine. Kwa mimi, kinywa inakataa."

"Kinywa ikatae, batoto ba Falonne balale wapi? Mwenye kuficha uchi hazai, Papa Falonne."

Alicheka kidogo, akarudia tena. Jumamosi jioni alilisema lote bila kukwama, mara mbili. Kyakimwa alilala usingizi mzito wa kwanza katika siku nne.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Walioheshimiwa walikuwa wawili: Maliro, na mzee Abdias aliyepiga kengele tangu enzi ya kengele ya kwanza. Wanakwaya walivaa kitenge kipya cha sikukuu. Kyakimwa hakuwa nacho. Alivaa cha Pasaka ya zamani, akakaa mstari wa pili na Falonne na wajukuu.

Baada ya misa padri wao, Abbé Jean-de-Dieu, alisoma majina. Abdias alivishwa medali, akapewa diploma na taa ya sola. Kisha Maliro. Medali, diploma yenye kioo, na halafu vijana wanne waliingia kutoka sakristia wamebeba kiti. Kilikuwa kiti cha sebule, kipana, cha kitambaa chekundu, bado kimefungwa nailoni. "Ili mutumishi wetu apumuzike!" Abbé alisema, na watu wakapiga kelele za furaha hadi watoto wachanga wakaamka. Shukrani ya punda ni mateke, husema watu. Parokia haikumpiga Maliro teke. Ilimpa kiti, ikamkalisha mbele ya altare, na kwa ufupi wake miguu haikugusa chini vizuri.

Abdias alipewa kipaza sauti kwanza. Mzee wa watu alikuwa na haja, akaisema kama sheria inavyotaka.

"Mimi ninaomba blanketi," alisema. "Baridi inanisumbua, na bibi alishakufa."

Alisema kweli tupu, lakini vijana wa nyuma walisikia walichotaka kusikia. Mmoja alipiga mluzi. "Bamutafutie bibi mupya!" mwingine akapaza sauti, na kanisa zima likacheka, hata wanakwaya, hata Abbé alifunika mdomo. Wakapiga makofi, ndiyo, blanketi lingepatikana. Lakini Abdias alirudi kwenye benchi akiwa amejikunja, na medali ilikuwa inaning'inia juu ya magoti yake.

Kyakimwa hakucheka. Alikuwa anamtazama Maliro, na aliona uso wake ulivyokuwa unajifunga.

Kipaza sauti kikamfikia. Alisimama mbele ya kiti chake chekundu, na ile sauti kubwa ikarudi. Alieleza jinsi alivyofika na baiskeli isiyo na breki, kanisa likiwa la nyasi. Alieleza harusi aliyosahau jina la bwana arusi. Watu walicheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha kumpenda, na yeye alikunywa kicheko kile kama mtu mwenye kiu. Kyakimwa alianza kutamka kimya kimya: bandugu, ninashukuru kwa medali. Upande wa kulia Zorobabel alikuwa amekwisha kutoa karatasi mfukoni, amesogea kwenye ukingo wa benchi.

"Bandugu, ninashukuru kwa medali," Maliro alisema. "Na sasa, kama inawezekana, mimi na jamaa yangu..."

Akakwama.

Alitazama benchi la Abdias. Alitazama vijana wa nyuma, wote wamepita mikononi mwake kabla ya kubatizwa, wamekaa tayari. Kisha akainua uso, akatabasamu.

"... mimi na jamaa yangu tunamushukuru Mungu. Kuna mwenye ataniuliza: Katekista, unakosa nini? Bandugu, hakuna kitu ninakosa!"

Vigelegele. Ngoma. Akina mama walitoka kwenye mabenchi wakamzunguka wakimpepea kwa vitambaa. Mbele ya macho ya Kyakimwa, Zorobabel, ambaye alikuwa nusu amesimama, aliketi tena, pole pole, na karatasi yake.

Basi msimamizi wa sherehe, mtu wa mizaha, akaona neno halijakamilika. "Na Mama Katekista? Mama naye tumupatie micro!"

Kipaza sauti kilipita mkono hadi mkono kikamfikia Kyakimwa. Kilikuwa kizito kuliko alivyofikiri, na kina joto la mkono wa mumewe. Akasimama. Zorobabel alimtazama na nyusi zimepanda, karatasi iko palepale gotini: sema, mama, sema wewe. Falonne alimvuta kitenge kwa chini. Neno lilikuwa moja tu, na yeye ndiye aliyelifundisha siku zote zile.

Akamtazama Maliro. Amekaa tena kwenye kiti chake, medali imepinda kidogo, bado anatabasamu, lakini macho yalikuwa yanamwomba. Hajawahi kumwomba kitu kwa macho namna ile, hata walipozika mtoto wao wa pili. Akisema sasa, atamfanya mwongo mbele ya altare siku ya heshima yake, na watu watacheka kicheko cha Abdias.

"Wasingya," Kyakimwa alisema. "Ni vile alisema."

Akarudisha kipaza sauti.

"Mama," Falonne akanong'ona, "wewe pia?"

Zorobabel alikuwa mtu wa haki, na karatasi ilikuwa imekwisha kutoka mfukoni. Alisimama akatangaza kwamba mabati ishirini ya baraza, kwa kuwa hakuna mwenye haja nayo, yatafunika darasa la watoto wa shule ya chekechea. Watu walipiga makofi. Kyakimwa naye alipiga, maana mikono yake ilikuwa wazi na kila mtu alikuwa anapiga.

*

Alirudi dukani Jumatano. Safari hii Zorobabel hakucheka hata kidogo.

"Mama, mulisema mbele ya batu. Wote wawili! Mie nilikuwa nakutazama, nilikuwa nakuomba kwa macho."

"Niliona."

"Manjanja ilishapigiliwa jana. Na ile fasi karibu ya mayi, conseil iliipatia bale ba sœurs, ba-masista, bapande mboga. Nikirudi kusema Katekista anakosa nyumba, bataniambia: yeye mwenyewe alikataa. Sheria ni yake."

"Ni yake," Kyakimwa akakubali. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu katika duka lile, na hilo lilimchosha kuliko kama angekuwapo. Zorobabel alimpa kilo mbili za misumari bila malipo. Alizibeba hadi nyumbani ingawa hakuwa na ukuta wa kuzipigilia.

Mwisho wa mwezi walihama. Walipata chumba kimoja bondeni, nyuma ya mashine ya kusaga, na mwenye nyumba alisema anawapokea kwa heshima ya Katekista. Heshima hiyo ilikuwa ya kupanga foleni ya choo na jamaa nne. Maliro alisukuma vitanda juu ya chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, Falonne akabeba watoto, na kile kiti chekundu kikaja mwisho, kimefungwa kamba juu ya chukudu ya pili. Njiani watu walishangilia. "Katekista, leo uko bwana mukubwa!" wakimaanisha kiti.

Kiti hakikupita mlangoni. Walikigeuza ubavu, wakakisimamisha wima, wakaondoa hata mlango. Mlango ulikuwa wa chumba cha maskini, na kiti kilikuwa cha sebule. Mawingu yalikuwa yamejaa, na mvua ya Butembo haimngoji mtu.

"Tukiache hapa inje, kitaoza," Falonne alisema.

Maliro alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika kamba. Kwa hiyo Kyakimwa ndiye aliyeamua. Kiti kikapandishwa tena mlimani, hadi nyumba ya kanisa, na Ornella, na tumbo lake lililokua, akawasaidia kukiingiza. Kilipita mlangoni bila shida.

"Tutawachungia, mama," Ornella alisema. "Siku yoyote mukikitaka, kiko."

*

Ikawa desturi. Kila Jumapili baada ya misa Maliro na mkewe hupitia kwa katekista mpya, na Maliro huketi kwenye kiti chake kidogo, kabla ya kuteremka bondeni. Ésaïe humwita mwalimu. Ornella hupika chai.

Jumapili moja mvua iliwazuia kuondoka. Maliro alikuwa ndani ya kiti, nailoni bado haijaondolewa kwa sababu alisema kitachafuka. Kyakimwa alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Mapazia yalikuwa ya bluu, yameshonwa vizuri. Kwa mlango uliokuwa wazi aliona lile la chumba cha kulala, refu hadi chini kama alivyoshauri, na baridi haikuwa inapita tena. Alifikiria wajukuu kule bondeni, maana mvua ikinyesha hivi maji huingia chini ya mlango, na Falonne huwasimamisha juu ya kitanda hadi yapite.

Ornella aliingia na chupa ya chai, akamimina, akapiga goti kidogo.

"Papa, mama, hakuna kitu munakosa?"

"Hapana, mutoto," Maliro akasema. "Hakuna kitu."

"Tunakosa nyumba," Kyakimwa alisema.

Alilisema polepole, kwa sauti ya kawaida. Ornella alibaki na chupa mkononi. Alimtazama mumewe, na Ésaïe alikuwa anatazama kikombe chake.

"Sukari," Maliro akasema, na akacheka kidogo. "Anataka kusema sukari."

Ornella akaenda jikoni mbio akaleta sukari. Kyakimwa akatia vijiko viwili, akakoroga.